Togwa Iliyofunikwa Blanketi

Kule Igowole togwa, kinywaji cha nafaka kisicholevya, hulazwa kama mtoto mchanga. Ukishapika uji wa mahindi na kuuacha upoe kidogo, unautia unga wa kimea cha ulezi, unafunika chungu, unakizungushia blanketi na kukisogeza karibu na jiko. Baridi ya Mufindi haina adabu. Usipoikinga, asubuhi unakuta uji ule ule wa jana, haujawa mtamu wala kuchachuka. Siku ya pili ndipo togwa inapokubali. Tekla alifundishwa hivyo na mama yake, akafika umri wa miaka arobaini na sita bila kuwaza kwamba kuna mahali pengine duniani ambako togwa haihitaji blanketi.

Mahali hapo ni Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, ambako jua likichomoza halina utani na mtu. Tekla hakuteremka huko kwa kupenda. Yeye na mumewe Dastan walipanda miti ya mbao, na kwa miaka kumi na saba Tekla aliipalilia, akaipunguzia matawi na kufyeka njia za kuzuia moto kila kiangazi. Miti ilipofikia kupasuliwa, Dastan alimletea karatasi. Ya chama cha wakulima hii, alisema, weka dole hapa. Tekla hakuwahi kuvuka mlango wa darasa hata siku moja. Aliweka dole gumba. Kumbe amekubali kwamba shamba si lake. Wiki ile ile mke mdogo akaingia nyumbani na godoro jipya. Wazee wa ukoo walipoitwa waliisoma karatasi, wakakohoa, wakasema dole haliongopi. Ni kweli. Aliyeongopa alikuwa na mdomo, lakini huyo hakuna aliyemuuliza.

Aliyempokea ni Hanifa, ambaye watu wote humwita Mama Anwari. Ni mwanamke wa Kiislamu anayelima mpunga na kuuza mchele, na kwa miaka mingi alikuwa akipanda hadi Igowole kununua maharage ya Tekla. Alimpa chumba uani kwake ili awe anawapikia vibarua wa shambani.

"Sharti langu ni moja tu," alimwambia siku ya kwanza. "Kwangu pombe haiingii. Mengine tutaelewana."

"Mimi na pombe, wapi na wapi, Mama Anwari?" Tekla alijibu. Pombe ilikuwa ya Dastan.

Miezi miwili ya kwanza alijifunza kama mtoto. Siku alipochemsha maji ya kuoga saa saba mchana, Bibie, wifi yake Hanifa, alicheka mpaka akakaa chini. Maharage aliyoyapika jioni ili yaliwe asubuhi, kama alivyozoea kwao, yalitoa povu kabla ya jogoo kuwika, akala mbwa. Nguo zilikauka akiwa bado anakamua nyingine. Alipoona watu wamejilaza barazani mchana kutwa, aliwaita wavivu kimoyomoyo, akabeba jembe kwenda kuwaonyesha kazi. Alirudi nusu saa baadaye ameshika ukuta, macho yanaona nyota. Kumbe watu hao huwa wameshapiga kazi tangu alfajiri, wakati yeye bado anatafuta sweta gizani kwa mazoea, ingawa hakuna baridi.

Pamoja na hayo alianza kupapenda. Mifupa ya magoti iliyokuwa ikimuuma kila masika kule juu ilinyamaza yenyewe. Alilala usingizi mzito chini ya chandarua, kitu ambacho kwao hakuwahi kukihitaji. Na hapa hakuna aliyemwita "yule aliyeachwa."

Ndipo ikafika siku ya kupandikiza mpunga kwenye majaruba ya Hanifa, vile vipande vya shamba vilivyojazwa maji. Vibarua wangekuwa ishirini.

"Utupikie togwa," Hanifa alisema. "Nasikia nyie wa Iringa ndiyo kazi yenu."

Tekla alifurahi kuombwa kitu anachokijua. Alipika siku mbili kabla, akafunika chungu, akakizungushia blanketi lake zito na kukiweka kwenye kona ya jiko. Siku yenyewe, saa moja asubuhi, alikibeba kichwani hadi ukingoni mwa mfereji. Njiani alikisikia kikinong'ona. Akadhani ni maji ya mferejini.

Alipofunua kifuniko, povu lilipanda na kumwagikia kwenye matope. Hanifa akachota kidogo kwa kikombe, akanusa kabla ya kuonja, akakirudisha kikombe upesi.

"Tekla! Hii nini?"

"Togwa, Mama Anwari."

"Togwa ya nani? Hii pombe!"

Vibarua waliacha miche wakasimama. Shedrack, mzee wa Kinyakyusa anayeimba kwaya ya Walutheri, alichota naye, akaonja na kufumba macho.

"Pombe kamili," alitangaza. "Hanifa dada yangu, wewe usihangaike. Kesi hii niachieni mimi."

"Shedrack, toka hapo! Mwaga, Tekla, mwaga yote!"

"Kumwaga nafaka ni dhambi," Shedrack alisema, na kikombe cha pili kilikuwa kimeshateremka.

Watu wakaangua kicheko. Hanifa hakucheka. Alimtazama Tekla, akauliza, "Sasa mchana watu wangu watakunywa nini?"

Tekla aliimwaga, akabeba chungu na kurudi nyumbani, masikio yanawaka moto. Sharti lilikuwa moja tu, naye amelivunja mbele ya watu ishirini. Alijua kinachofuata. Ataitwa, atasomewa, ataambiwa aondoke. Aende wapi? Igowole, akapange chumba atazame miti yake ikipita kwenye lori? Aliingia chumbani akaanza kukunja nguo.

Bibie alikuwa uani anapepeta mchele. Alichungulia mlangoni.

"Wee, unahamia wapi?"

"Nimevunja sharti. Safari hii sisubiri kufukuzwa. Natangulia."

"Nani kakufukuza?"

"Ameniuliza watu wake watakunywa nini."

"Sasa hilo ndilo la kufungia mzigo?" Bibie aliweka ungo chini. "Mwenzio kauliza swali, we unakunja khanga! Hebu niambie kwanza, umeifanya nini hiyo togwa?"

Tekla alimweleza: uji, kimea, blanketi, jikoni, siku mbili. Bibie alishika mdomo.

"Blanketi? Ubaruku hii? Mama wewe, hata maziwa huku hayasubiri mtu amalize salamu! Umeichemsha ukaifunika tena!"

Tekla alisimama na khanga mkononi. Akatazama nje, kwenye kile kiwanja cheupe kilichokuwa kimeanza kuunguza nyayo za kuku. Siku mbili za Igowole huku ni saa ngapi? Alikuwa amebakiza kimea mfuko mzima. Saa mbili ilikuwa bado haijafika.

"Bibie, nikopeshe sufuria yako kubwa."

Alikoleza moto, akapika uji wa pili, akaupooza mpaka kidole kikavumilia, akautia kimea. Hakufunika na kitu zaidi ya kitambaa chepesi. Aliutoa nje akauweka katikati ya kiwanja, juani. Kila baada ya muda alikwenda kuchungulia, na kila mara uji ulikuwa mwepesi na mtamu zaidi. Mvua ya mawe isingemshangaza vile. Jua lile alilokuwa akililaani kila siku lilikuwa linamfanyia kazi bila kuombwa. Saa saba togwa ilikuwa tamu, na uchachu wake haujazidi ule wa limau changa. Akaisogeza kivulini haraka, isije ikaongeza mambo yake.

Vibarua walikuwa wamepumzika ukingoni alipofika. Alimpa Hanifa kwanza. Hanifa alinusa kwa muda mrefu, akaonja, akameza. Akanywa yote.

"Umeipika saa ngapi?"

"Leo hii. Baada ya ile." Tekla alitazama chini. "Nilijua utanitoa, Mama Anwari."

"Nikutoe kwa nini?"

"Ulikasirika."

"Niliikasirikia pombe. Wewe nikukasirikie, nani atanipikia?" Hanifa alifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Chumba ni chako. Kesho tunaingia jaruba la juu, pika kama hivi. Na mgawie kila mtu, isipokuwa Shedrack. Yeye ameshakunywa ya kwake."

Miaka yote aliyoishi na Dastan, hasira ikitoka ilikuwa lazima ipate mgongo wa mtu. Kwamba mtu anaweza kukasirikia kitu akamwacha mwenzake alipo, hilo Tekla hakuwa amelijua. Aligawa togwa, na Shedrack alipoinua kikombe chake juu ya kichwa akililia huruma, akamtilia nusu.

Kwenye jaruba, miche aliyoipanda Shedrack tangu asubuhi ilikwenda kushoto, ikajuta, ikarudi kulia.

"Tazameni mstari wa mwanakwaya!" mmoja alipiga kelele.

Tekla alivua kandambili, akapandisha khanga magotini, akaingia kwenye tope lenye vuguvugu kama maji ya kuoga. Aking'oa mche mmoja baada ya mwingine na kuurudisha mahali pake, alicheka kwa sauti. Wenzake walishtuka kidogo, maana hawakuwahi kumsikia.