Bomba Nililolitoa Ukutani

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na wengine waliokuwepo siku ile bado wakinikuta njiani hugeuza uso wacheke kwanza ndipo wanisalimie, kwa hivyo heri niisimulie mwenyewe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa bati pale Thika, kazi yangu ndoo, karai na taa za kandili (vitu vya kutengeneza ukiwa umekaa chini, sikieni hapo vizuri). Memsahib mmoja, mjane wa Kizungu mwenye shamba la kahawa karibu na Ruiru, akaniita nimfungie mtambo wa gesi wa kuchemsha maji ya kuoga. Ulikuja na karatasi ya michoro, na mchoro ulieleweka hata kwa asiyejua Kiingereza: bomba la moshi lipande wima, litoboe paa, lichomoze juu kabisa. Nikalitazama lile paa. Lilikuwa la vigae, refu, lenye mteremko mkali, nami naogopa sana kupanda juu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Basi nikamwambia memsahib kwamba kulitoa ukutani ni sawasawa tu, moshi ni moshi, utajua pa kupita. Nikatoboa ukuta upande unaopigwa na upepo, nikalitoa bomba hapo, nikarudi Thika kwa baiskeli nikipiga mluzi.

Baridi ya Julai ilipoingia, mpishi wa pale, Mzee Wambugu, akaja kunitafuta. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Fundi," akasema, "kile chumba ulichofanyia kazi kina mtu."

"Mtu gani?"

"Sijui. Analia ndani ya ukuta. Juzi nikimjazia memsahib maji ya kuoga nikaguswa bega, nikageuka, hapana mtu, na miguu ikakataa kunibeba."

Akaniambia paka wa nyumba alikutwa humo amekufa, amejikunja kama aliyesinzia, na memsahib anaumwa kichwa kila siku lakini hasikii la kuacha kuoga.

Jumamosi alasiri nikaenda. Nikamkuta mwalimu wa kanisa na wanawake wachuma kahawa kama thelathini wamesimama nyuma ya nyumba kuombea chumba, na memsahib ameketi kwenye kiti cha veranda, uso mweupe kama unga. Watu walikuwa wakinitazama kana kwamba nimeleta jini ndani ya mtungi wa gesi, na mimi kwa kiburi nikasema nitaoga humo humo, mbele ya masikio yao, waone kama nitaliwa.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikaufunga pamoja na dirisha kwa sababu ya baridi, nikawasha, nikavua nguo. Upepo ulipovuma, ukuta ukalia kweli, sauti ndefu ya mtu mwenye huzuni. Moto wa mtambo, uliokuwa wa buluu, ukageuka manjano ukawa unalamba huku na huku. Nikajipaka sabuni nikiimba niwaonyeshe siogopi, lakini wimbo ulinipotea katikati, kichwa kikawa kizito, na nikasikia mtu akiniita, "Karanja."

Ilikuwa sauti ya dada yangu Nyambura, aliyekufa tukiwa watoto. Sikushtuka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nikamjibu. Akasema, "Kaa tu, hapa kuna joto." Na mimi nikakaa chini, sakafuni, nikiona ni jambo la busara kabisa.

Kilichoniokoa ni sabuni kuniingia machoni. Nikipapasa kutafuta kitambaa, nikaugusa mlango, nikauegemea, ukafunguka, nikaanguka nje, uchi nilivyozaliwa na povu mwili mzima, miguuni pa wanawake thelathini walio katikati ya wimbo. Wimbo ukakatika. Mwalimu akavua koti akanifunika, nami nikatapika juu ya viatu vyake.

Hewa ilinirudishia akili. Nikainua macho nikaona bomba langu, na upepo ukirudisha moshi wote ndani, ukuta kando yake umefanya masizi.

"Umeona nini, fundi?" Mzee Wambugu akauliza.

Ningeweza kusema nimemwona shetani, na wangeniamini, na kesho memsahib angeingia kuoga tena. Nikasema, "Hakuna mtu humo. Ni hewa mbaya ya gesi, na ni mimi niliyeifungia ndani, kwa sababu naogopa kupanda paa."

Mwanamke mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Mpaka jua linazama nilikuwa na jina jipya, Bwana Sabuni, na Jumatatu lilikuwa limefika soko la Thika.

Jumatatu hiyo hiyo nilipanda lile paa nimefungwa kamba kiunoni, nikilia kidogo (nani angeniona), nikalitoa bomba juu kama karatasi ilivyotaka. Nilipomaliza memsahib akaja akasimama chini, akauliza polepole kwa Kiswahili chake, "Bwana yangu alikuwa nakuja kuongea na mimi pale ndani, kila siku. Sasa hapana kuja tena?"

Nikamwambia, "Hapana, memsahib." Akatikisa kichwa akaingia ndani.

Tangu hapo sijamfungia mtu mtambo wa gesi, na hata wewe ukinibembeleza sitakufungia.