Mtama wa Mama Mkwe Kwenye Njia ya Ndege

Jamani, hii aibu bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata sokoni, maana Muyinga nzima, huku kwetu Burundi, wameshaigeuza kichekesho, na nikipita tu karibu na kile kiwanja cha ndege lazima mtu apaze sauti, "Mukwe, leo hauaniki?"

Kiwanja chenyewe kidogo, udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu, ndege ndogo inatua mara mojamoja kuleta dawa au kuchukua mgonjwa, na kiko jirani na nyumba ya wakwe zangu. Mavuno yaliyopita mama mkwe alikuwa analalamika mbuzi wanamalizia mtama wake uani, nami (mimi na mdomo wangu huu) nikamwambia, "Mama, si uanike pale kiwanjani, jua lipo, mbuzi hawafiki," tena nikampa shitingi langu la zamani, turubai nililorudi nalo kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nikapanda gari la Gitega huku najiona mkwe mwenye akili kuliko wakwe wote. Nikasahau.

Gitega ndiko kwenye kazi yangu, utafiti unaogharamiwa na serikali: rubani, fundi, mlinzi wa kiwanja, yeyote aliyeona hatari ya ndege anaandika ripoti, sisi tunafuta majina ili watu wasiogope kusema ukweli, tunazitafsiri, halafu kompyuta inazisoma na kuzikusanya zile zinazohusiana. Mimi ni wa kufuta majina. Nilidhani ni kazi ya kuchosha matako kwenye kiti tu, mpaka asubuhi moja Madame Goreth, mkubwa wetu, akaniita mbele ya kompyuta yake.

"Soma hizi kwa pamoja," akasema.

Rubani aliandika kwamba njiwa waliruka ghafla mbele ya kioo chake akiwa karibu kugusa ardhi ya Muyinga, akapandisha ndege tena, na ndani alikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Fundi aliandika amekuta punje nyekundu zimeng'ang'ania kwenye breki. Mlinzi aliandika kwa Kirundi kwamba watu wanaanika mavuno njiani na anaona haya kuwafukuza, ni majirani zake. Watu hawajuani, kila mmoja kasema lake, na mashine ikawakalisha pamoja! Nilisisimka mwili mzima, wallahi (ndiyo, mimi ni mkristo, lakini siku ile neno jingine sikulipata), maana nilikuwa naitazama ajali ambayo haijatokea bado.

Basi ukaitishwa mkutano Muyinga na majirani wa kiwanja, nikamwomba Madame anipe mimi niseme (hapo ndipo nilipojimaliza), nikavaa koti, nikamwalika mama mkwe nikamkalisha mstari wa mbele ili aone binti yake kaolewa na mtu wa aina gani. Nikaongea nikanoga. Nikafika kwenye mtama, nikauliza kwa dharau, "Hivi ni kichwa gani hicho kinaona njia ya ndege kinadhani ni mahali pa kuanikia?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Madame akabonyeza projekta, ikatokea picha aliyopiga mlinzi. Shitingi, mtama mwekundu, na kwenye kona kiraka cha kaptura yangu ya shule, nilichokishona kwa mkono wangu kule kambini.

Nikamgeukia haraka. "Pitisha, Madame, pitisha."

"Kwa nini? Waache waangalie vizuri."

Mama mkwe akasimama, taratibu, na adabu zake zote.

"Mukwe wangu, iyo shitingi si we ulinipa? Si we ulisema pale jua iko mingi na mbuzi haziko? Mi nikaambia majirani wote waje, nikasema ni mukwe wangu wa Gitega, anatumika kazi ya mambo ya ndege, anajua!"

"Yampaye inka!" akapiga kelele mzee mmoja nyuma, kiapo chetu cha mshangao, na ukumbi ukalipuka, watu wanapigana mabega, hata mlinzi wa kiwanja anafuta machozi, na mimi nimesimama kwenye mwanga wa projekta na kiraka kimeniangukia kifuani.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alingoja watulie, akauliza, "Na uyo mama alikuwa mu ndege, alizaa muzuri?"

Madame akasema polepole, "Hatujui, mama. Jina lilifutwa."

Mimi ndiye niliyelifuta.

Niliporudi Gitega niliandika ripoti yangu: mtu wa ofisi alitoa ushauri bila kufikiri, na watu wakamwamini kwa sababu ya kazi yake. Nikafuta jina, nikaiingiza. Kompyuta haikuniuliza kitu, ikaichukua moja kwa moja ikaiweka kando ya ile ya rubani.

Sasa mtama ukivunwa naomba likizo naenda Muyinga kufukuza mbuzi uani kwa fimbo, na mtu akiniuliza pa kuanika hata soksi, namtuma kwa Madame. Yule mama sijamjua hadi leo. Ila siku hizi kila jina, kabla sijalifuta, nalisoma kwanza kwa sauti ndogo, kama ninavyomsalimia mtu mlangoni.