Kilichokuwa Ndani ya Godoro la Sufi

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza kwa chafya. Lilikuwa duka la vyombo vilivyotumika, kule Changamwe, na kazi niliyopewa ilikuwa kufumua magodoro ya sufi. Vijana wa siku hizi mmezaliwa mkilalia sponji, kwa hivyo acheni nieleze. Sufi ni ile pamba nyepesi itokayo kwenye maganda ya msufi. Ikilaliwa miaka mingi hushikana madonge na godoro huwa gumu kama sakafu. Hapo hufumuliwa, sufi ikaanikwa juani na kupigwa fimbo mpaka ivimbe tena, kisha ikarudishwa ndani ya kitambaa na kushonwa kwa shazia, yaani ile sindano kubwa ya magunia. Jioni ile nilikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi ndevu, na mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Fundi Mkuu wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. "Usichomeke mkono ndani kwa pupa," aliniambia. "Watu hulalia mengi." Sikumwelewa mpaka siku niliposhika meno ya bandia. Baadaye nilizoea. Magodoro, mito na makochi ya watu yamenitolea hereni za upande mmoja, tasbihi, hirizi, funguo, hata soksi za mtoto mchanga. Majirani walidhani natajirika. Wallahi, nilichopata mimi ni kikohozi.

Maana kulikuwa na sheria, na kila duka nililofanya kazi niliikuta ile ile: kilichokutwa ndani hurudi kwa aliyeleta. Si cha fundi, si cha mwenye duka, wala si cha atakayenunua. Huwekwa mezani mbele ya watu, aliyeuza akaitwa na kukabidhiwa. Tulijivunia sheria hiyo. Watu waliyapita maduka mengine kuja kwetu kwa sababu yake.

Kutoka Changamwe nilihamia Likoni, na huko ndiko nilikoanza kuchoka. Tajiri wa pale, mwenye duka, alikuwa mcha Mungu, hana tamaa ya kitu cha mtu. Siku moja kijana mmoja alituuzia godoro la mamake. Mama alikuwa amelazwa hospitali, naye alitaka akirudi nyumbani alikute la sponji, jipya. Nia njema kabisa. Nilipolifumua na kuanza kupiga, sufi iliangusha furushi dogo la kitambaa lililoshonwa pande zote. Ndani mlikuwa na kidani cha dhahabu.

Nilikipeleka mezani. "Tajiri," nikasema, "hiki kimefichwa na aliyelilalia. Tumngoje mama atoke hospitali."

"Aliyeleta godoro ni nani?"

"Mwanawe."

"Basi ndiye wa kukipokea. Tukianza kuchagua nani arudishiwe na nani asirudishiwe, kesho tutaitwa wezi."

Kijana aliitwa, akakabidhiwa mbele ya watu, akatuombea dua ndefu. Sote tulirudi kazini na mioyo myeupe.

Mama alikuja baadaye, akijikongoja, buibui limempwaya kwa kukonda. Jina lake Bi Mwanasiti.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Lile godoro langu li wapi?"

Tajiri alimjibu kwa furaha kwamba asiwe na wasiwasi, kidani kiko salama, kijana wake amekichukua. Bi Mwanasiti alikaa pale pale juu ya sufi. Alitueleza kwamba ana binti, Saumu, aliyeolewa na mtu ambaye kaka yake hakumtaka. Saumu alihamia Kiembeni, na kaka akaapa kwamba dada yake hatapata hata uzi katika nyumba ile. Mama hakuwa na nguvu ya kushindana na mwanawe. Alimshonea binti yake kile kidani ndani ya godoro, akawa anatafuta njia ya kumfikishia.

"Mumempa yeye?" aliuliza.

"Ndiye aliyeleta, mama," Tajiri akasema, sauti imempungua.

"Nyinyi ni watu waaminifu," Bi Mwanasiti alisema taratibu. "Lau mungalikuwa wezi, ningewalilia mukanihurumia. Sasa nimlilie nani?"

Haukupita muda, nikakiona kile kidani kwenye harusi moja, shingoni mwa mke wa yule kijana. Niliondoka bila kula.

Tangu hapo nikawa naliuliza kila godoro lililoletwa: nani alililalia? Tajiri alichukia. "Wewe fundi au askari?" alinifokea. Nikahamia Kisauni. Msimamizi wa huko alisema niulize nitakavyo, mradi kazi iishe. Nikauliza mpaka nikachoka kuuliza. Magodoro ya sufi nayo yakazidi kuadimika, yakabaki ya sponji, ambayo hayahitaji fimbo wala shazia. Kifua kilikuwa kimeshanishinda, nikaaga.

Nimestaafu sasa. Nikikohoa msikitini watu hunisogezea kiti, na wengine hunisifu mbele ya watoto wao kwamba sikuwahi kugusa cha mtu. Huitikia tu. Mimi najua kwamba mkono safi nao unaweza kumdhulumu mtu, na kulijua hilo kunachosha kuliko kazi yenyewe.

Mteja wangu wa mwisho pale Kisauni alikuwa mama wa makamo, ameleta kitanda na godoro la sponji. Alisema mamake amefariki, na hivyo viwili tu ndivyo kaka yake alivyokubali kumpa katika urithi. Nikamuuliza swali langu la siku zote.

"Alililalia mamangu," alisema. "Bi Mwanasiti, wa Likoni."

Nililivua foronya lile godoro polepole. Hakwenda kukaa. Alisimama mbele yangu akitazama mikono yangu, na sponji haifichi kitu.

"Hamna kitu, baba?"

"Hamna, mwanangu."

"Nilijua," akasema, na macho yakamjaa machozi. "Nilidhani labda angeniwekea japo kitu."

Hapo nikaliweka godoro chini, nikamketisha, nikamweleza kila nililolijua: kidani, furushi, jinsi lilivyoshonwa, na jinsi mamake alivyokuja dukani kwa miguu yake ya mgonjwa kukiulizia.

"Kwa hivyo hakukubali nitengwe," alisema.

"Hakukubali hata siku moja."

Hakuniuliza dhahabu iko wapi. Aliinuka, akanisaidia kulivisha godoro foronya yake, akasema kitanda tu ndicho anachouza. Godoro atalilalia mwenyewe.