Kiti cha Mbele

Ramani ya Malta niliificha chini ya godoro, upande wangu wa kitanda, na nikailalia. Mtu mzima mie, mama wa watoto wawili, naficha karatasi kama msichana wa skuli anayeficha barua ya mpenzi. Lakini nyumba yetu ya Wembley haikuwa na mahali pa siri. Mama mkwe wangu alikuwa akikaa nasi tangu alipofiwa na mumewe, na kila droo ya nyumba ile akiipanga yeye. Chini ya godoro tu ndiko alikokuwa hafiki, kwa sababu ya mgongo.

Simsemi vibaya. Ni mwanamke mwema, na watoto wangu kawalea yeye zaidi yangu mie. Ila mimi na mwanawe tulikuwa tumeoana zaidi ya miaka kumi na hatukuwahi kuwa peke yetu hata siku moja. Fungate letu tulilikaa katika chumba cha juu, nyumba imejaa wageni wa harusi, na kila asubuhi mtu akigonga mlango kuuliza kama chapati zinatosha au ziongezwe. Baadaye wakaja watoto, baadaye akaja yeye. Hata gari yetu ilikuwa na mpango wake: mume wangu anaendesha, mama yake kiti cha mbele, mie nyuma katikati ya watoto, na mfuko wa viazi miguuni. Kisogo cha mume wangu nilikuwa nakijua kuliko uso wake.

Ndiyo maana nikaitaka ile safari. Siku nne tu, mie na yeye, tukizunguke kisiwa kwa gari, na mie nikae mbele.

Malta aliitafuta yeye. Kwanza, alisema, wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo hatutagombana. Pili, ni kisiwa kidogo, hata mtu akipotea, akienda mbele kidogo ataiona bahari na atajua kakosea. Mipango tuliifanyia ndani ya gari, kwenye maegesho ya supamaketi, mama yake akidhani tunachagua kuku. Tunaikunjua ramani juu ya usukani, nje zinaonekana winchi za uwanja mpya wa mpira uliokuwa ukijengwa miaka ile, na yeye anapita na kidole: hapa tutakunywa chai, hapa kuna kijiji cha wavuvi, hapa gari inapanda meli na kuvuka kwenda kisiwa cha pili. Na mie, pale kwenye maegesho, nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nikirudi nyumbani na kuku nilikuwa nimechangamka hata mama mkwe akaniuliza kama ni mjamzito.

Gari ya kukodi niliichagua mie. Nilitaka ya milango miwili. Mume wangu akasema ya milango minne bei ileile, nikamwambia sitaki, hiyo ya milango miwili ndiyo ninayoitaka. Hakuna mtu mzima wa kwetu anayekubali kuingia nyuma ya gari ya milango miwili, na mie nilitaka kujihakikishia. Akapiga simu Malta, bibi mmoja mwenye sauti ya upole akaandika majina yetu mawili, na mambo yakawa yamekamilika.

Ilibaki kuaga. Huwezi kusafiri bila kuaga wakubwa, hilo hata mie sikulibishia. Lakini katika kuaga kwetu kuna neno, na hilo neno ndilo lililotaka kuniua. Mtu anayeondoka humwambia anayebaki, "Twende zetu." Haya si makaribisho. Ni adabu, kama unavyomwambia "karibu" mtu aliyekukuta unakula mkate wa mwisho. Yeye anajua ajibu nini. Anasema, "Nendeni salama," na kila mtu anabaki na heshima yake. Kwetu Unguja mambo haya yalikuwa yakienda vizuri. Mtu aliyeambiwa "twende zetu" alikuwa na kazi zake, ana chungu motoni, na Malta hana haja nayo. London watu hawana chungu motoni. Wamekaa kwenye sofa wanaitazama mvua.

Mume wangu alimwambia mama yake wakati wa chai. "Mama, mimi na mwenzangu tunasafiri kidogo. Siku nne. Tunakwenda Malta."

"Malta kuna nani?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna mtu, Mama."

"Sasa mnakwenda kwa nani?"

Kwa kuona haya akasema lile analosema tangu alipofundishwa kusema. "Twende zetu, Mama."

Mama mkwe akakiweka kikombe chini. "Haya," akasema. "Lini?"

Nilikuwa nimeshika birika, na sijui hata nililiwekaje mezani. Watoto walikuwa wabaki na bibi yao, na bibi akienda, watoto wabaki na nani? Siku ya pili mume wangu akampigia simu bibi wa Malta, gari ikawa ya milango minne. Kiti cha mbele hakikuhitaji kuzungumzwa.

"Kawaageni na wa Ilford," mama mkwe akasema, akimkusudia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Njia nzima nilimhutubia mume wangu. Ingia, kunywa chai, waambie tunasafiri, omba radhi, inuka. Lile neno usiliseme. Akaniapia. Na kweli chai ilikwisha salama, radhi zikaombwa, tukafika mpaka mlangoni, na mie nikaanza kumpenda upya. Alipoinama kuvaa viatu, shemeji akasema, "Basi msafiri salama, kaka." Mume wangu, kiatu kimoja mkononi, akajibu, "Twende zetu."

Shemeji akamtazama mkewe. "Mtoto ana likizo wiki hiyo," mkewe akasema.

Sikumsemesha mume wangu mpaka tulipofika Neasden, karibu na kwetu. Pale alisema, "Limetoka lenyewe." Nikamwambia mdomo ni wake, si bomba la mvua.

Bibi wa Malta alikuwa keshaizoea sauti yake. Alimpa gari kubwa ya viti tisa na akauliza, kwa adabu, kama ni harusi. Tulikuwa tumefika wanane. Mama mkwe alikuwa kaingia katika safari kwa moyo wote: keshatoa busati la kukalia njiani na chupa mbili za chai, na kagandisha katlesi za kulisha kijiji. Mume wangu alipomwambia kwamba watu wa Malta wanahesabu karibu sawa na Waarabu, akapumua. "Kumbe si watu wa mbali hao," akasema.

Akabaki shangazi wa mume wangu, aliyekuwa akikaa Thornton Heath. Huyu hakungoja neno. Mama mkwe alikuwa keshampigia simu, na tulipofika tukalikuta sanduku lake limesimama ukumbini. Viti vikawa vimejaa. Nikajisemea basi, hapa angalau hapaingii mwengine, na nikanywa chai yangu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushindwa.

Ndipo wakapanda kutusalimia majirani wa shangazi wa nyumba ya chini. Walikuwa kina mama wawili wazee, Wapemba, ndugu wa tumbo moja, walioondoka kwao zamani, na ya kuondoka kwao hawayazungumzi. Walikaa wamebanana kwenye kochi moja ingawa viti vilikuwepo. Shangazi akawaeleza safari, na yule mkubwa akanigeukia.

"Mwanangu, hiyo Malta ina bahari?"

"Imezungukwa na bahari, Bibi."

"Pande zote?"

"Pande zote."

Akamtazama ndugu yake. "Kama kwetu," akamwambia, taratibu, na ndugu yake akaitikia kwa kichwa. Hawakuomba kitu. Wakarudi kwenye biskuti zao.

Tulipoinuka kuondoka, mume wangu alikuwa kaubana mdomo, maskini, kwa kuniogopa. Nami ndiye niliyesema. "Twendeni zetu, bibi zangu," nikasema. Na wallahi sikulisema kwa adabu. Nililisema kwa kutaka.

"Haya," akasema mkubwa. Mdogo akauliza kama maji ya huko ni baridi.

Katika treni ya kurudi Victoria nilitoa machozi. Nilikuwa na hasira na sina wa kumkasirikia. Mwaka mzima nilikuwa nimezitaka siku nne na mume wangu, nikawazuia watu kwa milango, na mwisho nimezigawa kwa mdomo wangu mwenyewe. Yeye alikuwa anatazama nje. Halafu akasema, "Viti ni tisa."

"Najua viti ni tisa."

"Na sasa tumezidi wawili."

"Najua tumezidi wawili," nikasema. "Unanihesabia nini?"

"Basi tuwaachie," akasema. "Mdogo wangu ataendesha. Tiketi zetu tuwape wale bibi wawili, nitapiga simu majina yabadilishwe. Sisi tutabaki nyumbani."

Nikamwona hana huruma. Kisiwa kimekwenda, gari imekwenda, na yeye ananiambia habari za nyumbani. "Tubaki nyumbani na nani?" nikamuuliza.

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Na nani tena?" akasema.

Nilikaa nikalifikiria swali lile kituo kizima. Mama mkwe, Malta. Watoto, Malta. Shemeji na mkewe na mtoto wao, Malta. Shangazi, Malta. Nikachukua leso nikajifuta uso vizuri, kama mtu anayekwenda mahali.

Mama mkwe hakulipenda. "Mie nikatembee, nyinyi mbaki?" akasema. "Nani atakaa nanyi?" Tukamwambia hatuhitaji mtu. Akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta dalili za homa. Kwa siku kadhaa alitafuta wa kutuachia, na akaona afadhali abaki mwanangu mdogo atuchangamshe. Mtoto akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba keshafunga nguo zake za kuogelea na hafungui. Sijapata kuushukuru ukaidi wa mtoto yule kama nilivyoushukuru asubuhi ile.

Siku yenyewe teksi kubwa ilikuja kuwachukua. Sanduku, busati, katlesi, watoto, wale bibi wawili wakiwa wamevaa makoti yao mazuri na wameshikana mikono. Mama mkwe akawa wa mwisho. Alishasogea mpaka mlango wa teksi, kisha akageuka kutuangalia tulivyosimama kizingitini, na akasema lile ambalo mwenye adabu lazima aliseme.

"Twende zetu."

Nikauona mdomo wa mume wangu unafunguka. Nilimjua. Mtu huyu angeweza kupanda teksi ile na ndara zake akakae juu ya busati mpaka uwanja wa ndege. Nikamkanyaga mguu kwa uzito wangu wote.

"Nendeni salama, Mama," nikasema mie.

"Haya," akasema, akapanda.

Saa ya kwanza tulikuwa tukisemezana kwa kunong'ona, kwa mazoea. Mume wangu alikwenda kufunga mlango wa chumba, akakumbuka hakuna mtu, akauacha wazi, akarudi akaufunga. Asubuhi ya pili tukaikunjua ramani ya Malta juu ya meza ya jikoni, bila kuificha, na tukaona hata London ina barabara inayoizunguka. Tukachukua gari yetu, chupa ya chai na katlesi tulizoachiwa, tukaingia M25. Tuliizunguka London nzima, tukavuka mto kwenye daraja la Dartford, na tulipoambiwa na vibao kwamba tumerudi tulipoanza, mume wangu akauliza kama tuzunguke tena. Tukazunguka tena. Mie nilikuwa nimekaa mbele. Njia nzima nilikuwa namtazama uso wa upande, na niligundua ameota mvi kwenye ndevu ambazo kwa nyuma hazionekani. Nikasikitika kuzikosa zilipoanza, na nikamwambia. Akasema na yeye hakujua kwamba mie nikiendeshwa huimba.

Walirudi wamechomwa na jua, wote wakizungumza pamoja. Kisiwa kidogo, mama mkwe alisema, wamekizunguka siku moja, na siku ya pili wakakizunguka tena kwa upande wa pili wasije wakachoshwa. Wale bibi wa Pemba waliingia majini na makoti yao na hawakutaka kutoka. Akakaa jikoni, akavua viatu, akaangalia huku na huku kama nyumba iko sawa. Ramani ilikuwa ingali mezani. Akaisogeza ili aweke kikombe.

"Mwakani tunakwenda Krete," akasema, bila ya kututazama. "Twende zetu."

"Nendeni salama, Mama," akajibu mume wangu, upesi, kabla sijauinua mguu.