Doto Asiye na Kulwa

Vestina alijifungua mapacha hospitali ya Kabanga, msimu wa kupanda maharage, wavulana wawili. Wa kwanza alitoka mdogo, anahema kama aliyekimbizwa. Wa pili alitoka na kilio cha kuamsha wodi nzima, wauguzi wakacheka. Kabla jua halijazama majina yalikuwa yameshafika, wala hakuna aliyemwuliza mama yao.

Baba yake Vestina, mzee Mpawenimana, alipiga simu kutoka Kumsenga, huko Kibondo, alikoingia akiwa kijana mkimbizi wa Burundi, akalima, akaoa, akawa raia. "Bukuru na Butoyi," alisema, kama mtu anayetaja siku za juma. Mama mkwe wake, Bi Zuleha, mwenye duka la vitenge mjini Kasulu na asili ya Tanga, alikuja na uji wa pilipili manga, akawainamia watoto akasema, "Hasani na Huseni, inshallah." Wauguzi hawakuwa na habari na hayo yote, kwao walikuwa Kulwa na Doto, basi. Lugha ziligombana, maana ikabaki ile ile: aliyetangulia, na aliyemfuata.

Aliyetangulia akatangulia kweli. Mapafu yake hayakuwa yamekomaa, na juma halikwisha. Lukmani, baba yao, alimbeba mwanawe kwenda makaburini na wanaume wenzake, huku Vestina amelala wodini na mmoja kifuani, maziwa ya wawili yakimlowesha gauni.

Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe, "Baba Doto..." akajishika mdomo. Hata yeye!

"Nataka aitwe jina lake mwenyewe," akasema baadaye. "Jina lisilomtaja mwenzake. Kwa haya waliyompa, kila atakayemwita atakuwa ananiuliza yule mwingine yuko wapi."

Lukmani alikuwa mtu mpole, mzito wa maneno. Alikwenda kumwandikisha mtoto Nurudini, akarudi na cheti. "Haya, mama. Nurudini."

Bi Zuleha hakupinga. Alilisifu jina, akalirudia mara mbili, kisha akampakata mjukuu wake akamwimbia, "Huseni wangu, Huseni wa bibi."

"Mama, tulikubaliana ni Nurudini."

"Najua, mwanangu, najua. Ulimi tu umeteleza."

Ulimi ukateleza miaka miwili. Majirani nao, Waha kwa Waswahili, walikuwa wameshamwita Vestina Mama Doto, na jina la mama likishakaa mtaani halina wa kulitoa. Kule Kumsenga alipokwenda kusalimia, alimpigia baba yake magoti na kumsihi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Naye alikuwa amezika watoto, haikuwa kwamba hajui.

"Ni Butoyi, mwana wanje," akasema taratibu. "Majina mengine tunayatoa sisi. La pacha anakuja nalo. Ukimnyang'anya, utakuwa umesema mkubwa wake hakuzaliwa."

Vestina akainuka, akajifuta vumbi magotini. Hilo ndilo lililomkata maini: kwamba wote walimpenda, na kila mmoja alikuwa na haki yake.

Siku moja sokoni, mama mmoja wa Kikongo aliyekuja na mafungu ya samaki wakavu alisikia wenzake wakimwita mtoto, akamkamata kidevu. "Doto? Ah, kwetu Kasai huyu ni Kabanga! Kama hii Kabanga yenu ya hospitali." Akacheka kwa furaha. "Na Mbuyi iko wapi, mkubwa yake?"

Vestina akamvuta mtoto kwake. Yule mama akamtazama usoni, kicheko kikamfia. "Paridoni, mama. Paridoni sana." Akamtilia samaki wa ziada kwenye mfuko. Vestina alishukuru, akaondoka haraka. Hata Kongo basi, alijisemea. Hata huko amefika.

Jioni hiyo mtoto alikuwa uani anacheza na vifuniko vya soda. Vestina akasimama mlangoni akaita, "Nuru!" Mtoto hakugeuka. "Nurudini!" Akaendelea kupanga vifuniko vyake. Akaita kwa ukali, kwa upole, kwa kubembeleza. Shadia, binti wa jirani, alikuwa anaanua nguo, akadhani anasaidia. "We Doto, mama anakuita!"

Mtoto akainuka mbio, mikono imetanuka, akamkumbatia mama yake magotini.

Tangu siku hiyo Vestina aliacha kushindana. Hakutamka Doto, lakini hakuita tena Nuru. Akawa anamwita "wewe", au "baba", kama wanawake wanavyowaita watoto wa kiume wakiwabembeleza.

Kisha akapata mimba nyingine. Lukmani alifurahi kimya kimya. Bi Zuleha akaleta ndizi na maziwa. Kezia, dada yake Vestina, akapiga simu kutoka Kibondo, na kabla ya salamu kuisha akauliza, "Na Kiza hajambo?"

"Kiza gani?"

"Dada nawe! Anayefuata mapacha si Kiza? Umeshasahau ya nyumbani?"

Vestina aliketi mkekani, simu mapajani. Mtoto akaja akaweka kiganja chake juu ya tumbo. Alikuwa sasa anasema vizuri, na mtaa ulikuwa umeshamfundisha swali lake.

"Mama, Kulwa yumo humu?"

"Hapana, baba."

"Atakuja lini?"

Vestina alimtazama Lukmani, aliyekuwa kizingitini anavua viatu. Lukmani akabaki na kiatu kimoja mkononi, akainamisha kichwa. Mtoto alisubiri. Hakuchoka, wala hakuona ajabu. Akasogea, akaweka sikio pale alipoweka kiganja, akawa anasikiliza.