Kisogo cha Mheshimiwa

Siku ya hamsini na moja tangu saluni zifungwe kwa sababu ya ugonjwa, Mheshimiwa alisimama kwenye televisheni akatangaza kwamba zitaendelea kufungwa siku ishirini na moja zaidi. Alisema hilo kwa sauti ya huruma, kama daktari anayemnywesha mtoto dawa chungu. Aliwashukuru wananchi kwa uvumilivu, akaapa kwamba hata yeye anateseka kama wao, kisha akageuka kuonyesha ramani iliyokuwa ukutani nyuma yake. Hapo ndipo alipoharibu, kwa sababu kisogo chake kilikuwa kimenyolewa jana.

Sebuleni walikuwa watatu wakitazama: kinyozi, mke wa kinyozi, na mdogo wake huyo mke, kijana wa miaka thelathini aliyefanya kazi kwenye kiti cha pili cha saluni.

"Jamani!" mke akasema. "Huyu ananyolewa na nani, wakati nyie mmekaa hapa kama vinyago?"

Mdogo wake aliinuka, akasogea hadi kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya shingo ya Mheshimiwa.

"Huu mstari unapanda kulia," akasema polepole. "Shemeji, hiki kisogo ni chako."

Huyo shemeji aliyeambiwa hivyo mtaa mzima ulimwita Mashoto. Alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, na mjomba aliyemfundisha kazi alimpiga vibao miaka miwili ili ahamie wa kulia, hadi mjomba mwenyewe akachoka kupiga. Miaka ishirini na miwili alikuwa akinyoa kwa kushoto. Alikuwa na mazoea yake: vidole viwili nyuma ya sikio ili kuinamisha kichwa, spiriti kwanza kwenye kiganja chake ndipo kwenye shingo ya mteja, na mstari wa kisogoni aliuanzia upande ambao vinyozi wengine humalizia. Kwa hiyo mstari wake ulipanda kulia, kiasi cha unene wa uzi. Mteja hawezi kukiona vizuri kisogo chake mwenyewe, na mkewe hatajua anachokitazama. Lakini kijana aliyesimama kiti cha pili miaka tisa, akifagia nywele za mwenzake, angeutambua hata gizani.

Mashoto alijikuna shingo. Kila Jumamosi, kwa wiki sita, dereva wa Mheshimiwa alikuwa akimfuata na karatasi ya ruhusa yenye mhuri. Nyumbani alisema anakwenda kumnyoa mzee mmoja mgonjwa. Ukimuuliza angekwambia mtu kama yule hakataliwi, na hilo ni kweli, ila si kweli yote. Kweli yote ni kwamba alipenda. Alipenda geti linavyofunguka lenyewe, alipenda kuitwa "bwana kinyozi" na mtu anayeitwa Mheshimiwa, na wakati wenzake wote wakila vumbi alipenda kuwa na mashine yenye joto mkononi walau saa moja kwa wiki.

"Mwalimu alikuja hapa juzi," shemeji yake akasema. "Anakwenda kumzika baba yake. Alitaka kutengenezwa ndevu tu, awe kama mtu. Wewe ndiye uliyemrudisha mlangoni. Ukamwambia nini?"

Mashoto akapunguza sauti ya televisheni.

"Ukamwambia sheria ni sheria, mwalimu, zuia uchungu wako. Na Jumamosi ukabeba mkoba ukaenda!"

Kesho yake asubuhi yule kijana aliweka kiti uani, akatundika kioo kwenye kamba ya nguo, akaanza kunyoa. Mashoto alimwona kupitia dirisha, akashusha pazia. Angemkataza kwa mdomo upi?

Wakati huo picha ya kile kisogo ilikuwa imeshaenea kwenye simu za watu. Wapo waliokizungushia duara jekundu, na wapo waliokiandikia maneno ambayo mama mkwe hasomewi. Watu waliofunga genge, waliozika bila ndugu, waliokosa harusi zao, wote walipata sehemu moja ya kuelekeza hasira. Mtu akifika uani kunyolewa alikuwa anakuja pia kusema. Walikuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, barakoa usoni, wakakaa mbali mbali kwenye vigoda wakisubiri zamu, kwa adabu zote. Siku ya tatu ndipo polisi walipoingia. Waliwakuta kumi na mmoja ukimhesabu kinyozi, wakawapakia wote nyuma ya gari moja, paja kwa paja, na kuwafungia chumba kimoja cha mahabusu. Kosa lao lilikuwa kukaribiana.

Yule kijana alikuwa na pumu. Dada yake alikimbilia kituoni na ile dawa ya kuvuta. Askari wa kaunta akaipokea, akaiweka kwenye droo, akasema itafika. Dada mtu alirudi nyumbani macho yamemvimba.

"Kuna mtu anakohoa mle ndani," akamwambia mumewe. "Nimemsikia mwenyewe. Kikohozi kile, baba watoto, chenyewe. Na yule mtoto kifua chake unakijua. Wiki moja mle ndani nitaletewa maiti."

"Nitafanya mpango."

"Mpango gani? Wewe si unamshika kichwa kila wiki? Mshike basi!"

Jumamosi ikafika, na dereva akaja kama kawaida.

Mheshimiwa alinyolewa kwenye baraza ya nyuma, mlinzi mmoja amesimama mlangoni, kioo kikubwa kimeegemezwa kwenye kiti. Siku hiyo hakuwa na mizaha. Saa sita mchana angesema na wananchi moja kwa moja, na sasa ilikuwa saa nne na nusu.

"Bwana kinyozi, leo usichonge sana," akasema. "Niharibie kidogo. Pale mbele pawe pamepinda, na nyuma usinyooshe. Nataka ionekane ni ya nyumbani."

Mashoto alidhani hakusikia vizuri. "Nikuharibie, Mheshimiwa?"

"Kidogo tu. Watu wana maneno."

Akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Alianza upande wa kushoto, akapandisha hadi utosini, akajaribu kupindisha kama alivyoagizwa, na mkono ukakataa. Vibao vya mjomba havikuwahi kumfundisha kunyoa vibaya. Upande wa kushoto ukatoka safi kabisa, na wa kulia ukabaki na nywele za wiki nzima na mvi zake zote. Hapo akazima mashine.

Alikuwa amekariri maneno usiku kucha na sasa hakukumbuka hata moja.

"Mheshimiwa, nina shida."

"Sema, huku unaendelea."

"Mkono hauendi, Mheshimiwa. Shemeji yangu yuko mahabusu tangu Jumatano. Ana pumu. Na mle ndani kuna mtu anakohoa."

Mheshimiwa alitazama kioo. Alitazama upande wake safi, kisha upande wa mvi, kisha saa ya ukutani. Alicheka kidogo, akaacha.

"Unanitishia?"

Mlinzi alitoka mlangoni akasogea hatua moja. Mashoto aliweka mashine juu ya meza taratibu, ionekane wazi kwamba imewekwa.

"Sithubutu. Nasema mkono unatetemeka. Naweza kukukata."

Na kweli ulikuwa unatetemeka, hata mlinzi aliuona. Walikaa hivyo kwa muda, watu watatu na kichwa nusu. Jasho lilimtiririka Mashoto ndani ya barakoa hadi mdomoni. Mawazo yalimpitia mengi: geti, gari la polisi, mke wake akipeleka chakula cha wafungwa wawili badala ya mmoja. Ndipo Mheshimiwa akanyoosha mkono, mlinzi akampa simu.

"Ni mimi," akasema kwenye simu. "Kuna kinyozi mmoja pale kwako, wa Jumatano. Ndiyo. Mgonjwa huyo, mwachieni." Akaishusha simu kidogo bila kuikata, akamtazama Mashoto kwenye kioo. "Ni huyo tu, au kuna wengine?"

Swali lilikuja jepesi, kama mtu anayeuliza kama chai inahitaji sukari. Na Mashoto, ambaye tangu utotoni alifundishwa kwamba ukikaribishwa usile hadi ukamaliza, kwamba mtu akikupa kimoja huombi cha pili, akainamisha kichwa na kujibu upesi.

"Ni huyo tu, Mheshimiwa. Ahsante sana."

"Huyo tu," Mheshimiwa akaiambia simu, akakata.

Mkono ukatulia papo hapo. Alinyoa upande wa kulia kwa furaha, akasahau kabisa kuharibu, akapiga spiriti, akapangusa, akamshikia kioo kidogo nyuma. Mheshimiwa akaguna tu. Hakukuwa tena na muda wa kugombana.

Saa sita kasoro, Mashoto na mkewe walikuwa kituoni. Nje ya mlango, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, walisimama wanawake wanane au tisa na vyombo vya chakula mikononi. Mashoto aliwajua wote. Mke wa mwalimu alikuwepo. Mama wa fundi viatu alikuwepo pia, mwanamke mzee, hotpoti ameikumbatia kifuani. Waliposikia kwamba kuna amri ya kuachia imetoka juu, waliingia hadi kaunta wote kwa pamoja, hata ile mita moja wakaisahau.

Askari alifungua mlango wa ndani, akaita, "Kinyozi!"

Yule kijana alitoka miguu mitupu, viatu amevishika mkononi. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi kila anapovuta pumzi. Dada yake alimrukia akamkumbatia na kulia kwa sauti. Kijana aliangalia nyuma.

"Na wenzangu?"

"Amri imesema kinyozi," askari akajibu, na kuanza kufunga mlango.

"Ngoja." Kijana akamtazama Mashoto. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Mashoto kuliko hasira. "Shemeji, wale walikuja kwangu. Mimi ndiye niliyeweka kiti. Nitapitaje kwenye milango yao nikaenda kulala?"

"Twende nyumbani, mdogo wangu, nakuomba!" dada yake akasema. "Hayo tutayazungumza nyumbani!"

"Yule anayekohoa ni mwalimu," akasema. "Tangu jana hawezi kukaa."

Mke wa mwalimu akatoa sauti kama mtu aliyeungua. Kijana alijinasua taratibu kutoka mikononi mwa dada yake, kidole kwa kidole, akageuka, akarudi alikotoka. Askari alimtazama kwa mshangao, akanyanyua mabega. "Mimi nimetekeleza," akasema. "Mtu akikataa si juu yangu." Akafunga mlango.

Hapo ndipo mama wa fundi viatu alipomgeukia Mashoto.

"Mwanangu," akasema, "nimesikia kwa mkeo kwamba ulikuwa na Mheshimiwa leo. Ulimwomba watu wangapi?"

Angeweza kusema uongo. Angesema Mheshimiwa amekataa, na wangeamini, kwa maana Mheshimiwa ndiye wa kukataa. Mkewe alimkazia macho akimwomba aseme hivyo. Lakini maneno yaliyotoka ni yale yale yaliyokuwepo.

"Aliniuliza, mama. Aliniuliza kama kuna wengine. Nikasema ni huyo tu."

Hakuna aliyempigia kelele. Angeshukuru wangempigia kelele. Mke wa mwalimu alikaa chini sakafuni pale pale, na mwenzake mmoja akamshikia chombo kisimwagike.

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Niliona aibu, mama. Nilidhani nitakuwa nimezidisha."

Mama aliweka hotpoti juu ya kaunta. Kisha akasema, "Mpigie."

"Sina namba ya..."

"Unayo ya dereva. Mpigie, umwambie bado hujamaliza kuomba."

Televisheni ya kaunta ilikuwa imewashwa. Saa sita ilikuwa imegonga, na Mheshimiwa alikuwa amekaa nyuma ya meza, glasi ya maji upande mmoja, simu upande mwingine. Kichwa kilikuwa safi kama yai.

"Kuna watu wanaeneza uchochezi," alikuwa akisema. "Mimi nanyolewa na mke wangu, nyumbani, kama ninyi."

Mashoto alipiga kwa dereva. Dereva alipokea kwa kunong'ona, akasikiliza, akajibu kwamba yeye si mtu wa kuingilia hayo. Mama akampokonya Mashoto simu, akaiweka sikioni.

"Baba, mimi ni mzazi kama mama yako. Nipe namba yake tu. Sitasema nimeipata wapi."

Kisha dereva akaitaja, tarakimu moja moja, mama akiirudia kwa sauti, na mke wa Mashoto akaiandika kwa kalamu ya askari kwenye kiganja chake. Mashoto akapiga. Wanawake wote waliigeukia televisheni, na askari pia, kalamu yake haijarudi.

Kwenye meza ya Mheshimiwa ile simu iliwaka. Mheshimiwa aliitupia jicho bila kuacha kusema. Alikuwa kwenye neno mshikamano. Alinyoosha mkono, akaigeuza kifudifudi, akaendelea.

Mashoto alishusha simu yake. Nyuma ya ule mlango wa ndani, kikohozi kilianza tena, kikaendelea muda mrefu, na baada yake kukasikika mluzi wa kifua cha mtu mwingine.

"Mpigie tena," mama akasema.