Sindano Nyepesi kwa Santuri ya Mbau

Miaka ile ya vita nilitengeneza redio na santuri katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Butembo. Asubuhi moja akafika mama mjane, mkimbizi wa Mbau aliyehifadhiwa na dada yake huko Mulekera, mjini Beni. Alibeba sahani moja ya santuri kati ya vibao viwili, imefungwa kwa kitenge. Kwaya ya parokia yao iliirekodi kabla ya vita, na mumewe ndiye aliyeimba peke yake katikati. Mume alifariki walipokuwa wakikimbia. Picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba.

“Papa, kule Beni bameijaribu mara tatu,” aliniambia. “Inalia tu kama mafuta mu sufuria. Fundi moja alitia jiwe ya radio juu ya mukono, ati isiruke.”

Betri nzima juu ya mkono wa santuri! Nilitikisa kichwa kama mtu anayejua, kisha nikafanya kosa lile lile.

Kwetu ubora hupimwa kwa mkono. Sokoni Musienene hakuna anayefungua gunia la maharagwe kabla ya kuliinua. Nami nilikuwa na vichwa viwili vya sindano ndani ya kopo: kimoja kizito, cha santuri ya zamani ya sanduku, kingine chepesi kama ganda la haragwe, nilicholetewa na mfanyabiashara kutoka Kampala. Hicho sikuwahi kukiamini. Nikafunga kile kizito. Sahani ilizunguka mara tatu, ikatoa mlio wa mchanga mtupu. Nikainua mkono wa santuri haraka.

“Kumbe na weye ni mutu wa mawe,” akasema.

Alisema kweli. Nikakaa, nikafikiri, na nilichokielewa siku ile nimewaeleza wengi tangu hapo, kwa maana si kigumu. Mfereji wa santuri ni kama njia ya Mbau wakati wa mvua. Malori hukwangua kuta za juu za korongo, lakini gurudumu la baiskeli hushuka chini, mahali ambapo lori halijagusa. Sindano nene hupita juu, palipokwisha haribika. Ncha nyembamba ya almasi, kama ya kile kichwa chepesi, hushuka palipo pazima. Uzito uwe wa kutosha tu kuituliza: ikiteleza, ongeza kidogo, ikikwangua, punguza. Na anza daima na sahani usiyoipenda sana.

Nilifunga kile chepesi, nikakijaribu kwenye sahani yangu ya dansi hadi mkono wa santuri ukatulia. Kisha nikapangusa ya kwake kwa kitambaa chenye unyevu, nikaiacha ikauke, nikashusha sindano.

Mikwaruzo ilibaki, lakini kwa mbali. Kwaya iliingia, halafu sauti moja ya mwanamume, na katikati ya mstari akavuta pumzi.

“Ni yeye,” mama alisema. “Anapumua pale pale maître, mwalimu wa kwaya, alimukatazaka. Kila dimanche, misa ikiisha, alimugombeza.”

Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilimwuliza kama nirudie.

“Hapana, papa. Inua. Nilikuya kujua kama angali ndani. Ingine ni ya batoto wangu, bakitoka shuleni: dada yangu iko na santuri yake kwa nyumba.”

Niliinua. Kile kichwa chepesi nikakifungua, nikakifunga ndani ya kitenge pamoja na sahani.